Aliyeandika "Mama Koku" Ubaoni

Wanakamati wa harusi, wajukuu zangu, chai yangu mmekunywa, karanga zangu mmemaliza, na kadi mmeshindwa kuandika. Jioni nzima mmebishana sebuleni kwangu hapa Bakoba, Bukoba mjini: mama wa bwana harusi aandikwe nani? Mama huyo aliachana na baba yake Deo, bwana harusi wetu, akaolewa na mwingine huko Muleba, na huyo naye wakaachana. Mmoja wenu anasema aitwe kwa jina la mume wa kwanza kwa kuwa ndiye baba wa bwana harusi. Mwingine anasema hapana, la wa pili, ndilo la karibuni. Yule binti mwenye kucha ndefu akasema asiandikwe kabisa, tuandike "familia ya bwana harusi," yaishe. Yaishe! Mtu kabeba mimba, kazaa, kanyonyesha, halafu nyinyi mnataka yaishe kwa sababu kadi haina nafasi.

Mkanigeukia. "Bibi, wewe ulikuwa mwalimu, tuamulie." Sikuamua, maana nikiongea nanyi kila mmoja anachungulia simu yake. Nimeona niwaandikie. Someni polepole, na anayetaka kuruka mistari aruke aone nitakavyomuuliza maswali.

Kwanza muielewe kazi yenyewe. Mimi sikufundisha watoto. Watoto ni rahisi, wanakaa unapowakalisha, na ukiwauliza jina wanajua moja tu. Mimi nilifundisha kisomo cha watu wazima, miaka ile ya ujamaa, Serikali ilipoamua kwamba kila mtu ajue kusoma na kuandika, awe na meno asiwe nayo. Nilizaliwa Nyanga, nikasomea ualimu, nikapangiwa kijiji kimoja cha Muleba, juu kule kwenye mawe. Darasa lilikuwa ghala la kahawa. Kahawa ikiiva tulihamia nje kwenye nyasi, na ubao tukauegemeza ukutani.

Ubao wenyewe hatukuletewa. Tulipigilia mbao, tukavunja betri za redio zilizokufa, tukatoa ule unga mweusi, tukaukanda na majani ya viazi vitamu na kupaka. Ukipaka mara moja chaki inateleza. Paka, acha ukauke, paka tena. Na mama aliyeshika jembe tangu utoto usimpe chaki siku ya kwanza, ataiminya ikatike, aone haya, kesho asije. Mpe nyasi za kusukia mkeka. Mwambie asuke kidogo, kisha akuoneshe kwa kidole, hewani, jinsi anavyoupinda unyasi. Pale kidole kinapozunguka ndipo herufi inapozaliwa. Hayo sikufundishwa chuoni, chuoni tulifundishwa kuvaa soksi.

Sasa, somo la kwanza lilikuwa: andika jina lako. Wataalamu waliolipanga walikuwa na hakika kwamba hakuna somo jepesi kama hilo. Walikuwa wanaume, bila shaka.

Nikasimama mbele ya akina mama wa Muleba, nadhifu, kijana, najiona. Nikasema, "Kila mmoja ataniambia jina lake, nami nitamwandikia alinakili." Bibi mmoja aliyekaa mbele akaniangalia kwa huruma.

"Jina la wapi, Mwalimu?"

"Jina lako, mama."

"Ndiyo, la wapi? Baba yangu alinipa moja. Padre akanipa jingine. Hapa kijijini mimi ni muka-Laurian, mke wa Laurian. Ukija kwangu kuomba moto utaniita Mama Kato. Unataka lipi?"

Nikajifanya mjuzi. "La ukoo."

"Ukoo wa nani? Wa baba nilikotoka, au huu wa mume ambao hata ndizi zao za mizimu siruhusiwi kuzigusa?"

Darasa zima likaguna. Nikasema tuanze na irabu.

Kesho yake nikaona nitumie nilichojifunza kwa masista wa chuo cha ualimu, kumwita mwanamke kwa heshima kupitia mume wake. Nikafungua kinywa, "Bibi Laurian!" Wakasimama wawili. Kumbe Ta Laurian, yaani Mzee Laurian kwa kwetu, alikuwa na wake wawili, na hao wake walikuwa hawajasemezana tangu msimu wa senene wa mwaka uliotangulia. Kila mmoja akadai ndiye aliyeitwa. Yule wa pili akasema huyu wa kwanza ni masalia tu, na wa kwanza akasema huyu wa pili ni mgeni aliyesahau kuondoka. Nikawaamua kwa rula ya ubao. Siku hiyo hatukuandika hata herufi moja.

Aliyeniokoa ni Mzee Filemoni, msimamizi wetu wa kisomo, Mlutheri mfupi mwenye baiskeli ndefu. Alikuwa akipita darasa hadi darasa, na alipenda kukaa nyuma akimenya ndizi mbivu huku akisikiliza. Nilipomweleza vita vya akina Laurian alicheka hadi ndizi ikamwanguka.

"Editha," akasema, "mwanamke usimwite kwa jina ulilolitunga wewe. Mwite vile jirani anavyomwita anapomwomba chumvi. Fika mapema, kaa pembeni, wasikilize wanavyoitana. Na ukisikia jina limebadilika wiki hii, usiulize mbele ya watu. Ujue nyumbani kuna jambo."

Nikafuata hivyo, na wallahi nilijifunza kijiji kizima kwa masikio. Mke akiwa mpya anaitwa muka-fulani, na anaitika akitabasamu. Akizaa, jina la mume linaanza kufifia, anakuwa Mama fulani. Akikomaa anaitwa Ma, na jina lake la ubatizo linafuata, Ma Paskazia, Ma Leokadia, na hapo ndipo hata wanaume wanashusha sauti wakimsemesha. Mwanamke akifukuzwa, lile la muka linakufa siku hiyo hiyo anapovuka mpaka wa kibanja, shamba la migomba la mume, na sanduku kichwani. Hakuna anayetangaza. Utasikia tu kimya pale jina lilipokuwa.

Lakini jina la mtoto halifi. Hilo Mzee Filemoni alinisisitizia sana. "Muka ni cheo cha kupewa," alisema, "na aliyekupa anaweza kukuvua. Mama Koku, Mama Kato, hilo mtu kajipatia mwenyewe kwa uchungu. Huku kwetu hata watawala wa zamani hawakuthubutu kumvua mtu hilo." Akapanda baiskeli yake akaenda zake, na mimi nikaamini kwamba kweli hakuna wa kuthubutu.

Kisha likaja agizo kwamba mambo ya Bibi na Misisi ni ya kikoloni, sote sasa ni Ndugu. Mimi nililipenda agizo lile, nawaambieni kweli. Lilikuwa safi, halina mume wala padre. Nikaingia darasani nikaita, "Ndugu Laurian!" Mama Kato akaniuliza kama nimeingiwa na homa. "Mimi si ndugu yake yule mwanamume," akasema, "ndugu hawaoani." Basi tukakubaliana kuwa Ndugu tutatumia akija mgeni kutoka wilayani, na akiondoka tunarudi kwenye kuitana kama watu.

Mtasema mbona nayaongelea ya wengine. Haya, na yangu. Mmeniandika kwenye orodha yenu ya wageni "Misisi Editha Rwezaura." Huyo Rwezaura niliachana naye kabla baba zenu hawajaota meno. Alipooa tena akamtuma shangazi yake kuniambia nirudishe jina lake, maana mke mpya linamkera. Nikamwambia shangazi, "Mwambie jina lake nimelifua, nimelipiga pasi, nimelitembeza Muleba nzima kwa miguu, na limeandikwa kwenye cheti changu cha ualimu kwa wino. Kama analitaka aje na kikapu." Hakuja. Yeye na jina lake ni marehemu sasa, na mimi bado nalitumia kuchukulia pensheni. Lakini mimi nilikuwa na mshahara, na watu waliniita Mwalimu, na mwanamke anayeitwa Mwalimu haumii sana akinyimwa majina mengine. Si kila mtu ana bahati hiyo.

Ma Adventina hakuwa nayo.

Huyu alikuwa mke wa Ta Kamugisha, na Ta Kamugisha alikuwa mtu mzito pale kijijini: balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa kamati ya kisomo, na zaidi ya yote ndiye aliyegawa sukari kwenye duka la kijiji. Nyinyi hamjui sukari ilikuwa nini miaka ile. Mtu aliyegawa sukari akicheka mlicheka, akikohoa mlimpa pole. Alikuwa na sauti nene, na aliipenda. Kwenye mikutano alisoma matangazo kwa kirefu hata yale ya kuku waliopotea.

Adventina alimzalia mtoto mmoja, Kokugonza, ambaye kila mtu alimwita Koku. Wa kiume hakuja. Ta Kamugisha akangoja, akanuna, akaanza kusema kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwamba kibanja chake kitarithiwa na nyani. Mwishowe akamrudisha Adventina kwao, kwa kaka yake, ng'ambo ya bonde tu, na kwa desturi yetu mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo Koku akabaki. Ta Kamugisha akaoa msichana kutoka upande wa Kaagya, anaitwa Sabina, mpole, mwenye mwanya.

Mpaka hapo ni mambo ya kawaida, yalitokea kila siku na hakuna aliyeshangaa. Lakini Ta Kamugisha akaongeza lake. Hakutaka jina "Mama Koku" limfuate Adventina ng'ambo ya bonde. Alisema linamharibia nyumba, watu wakilisikia watafikiri bado ana mke wa pili huko. Akatangaza kwenye mkutano wa balozi, baada ya mambo ya mbolea, kwamba kuanzia sasa Mama Koku ni Sabina. Na anayemwita Adventina kwa jina hilo asije kumuuliza yeye habari za sukari.

Na watu wakatii! Ndilo linaloniudhi mpaka leo. Watu wazima, wenye ndevu, wenye rozari shingoni, wakatii kwa kilo ya sukari. Wanawake waliojifungua pamoja na Adventina, waliomkanda mgongo, wakaanza kumwita "Adventina" kavu namna hiyo, bila hata Ma, kama wanavyomwita msichana wa jikoni. Sabina naye, maskini, wakimwita "Mama Koku" anageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Koku mwenyewe alikuwa darasa la pili. Baba yake akamwonya kwamba akimwita yule mwanamke mama atachapwa. Basi wakikutana kwenye chemchemi, mtoto anapiga magoti vizuri kama alivyofunzwa na kumsalimia, "Wasibota, Ma Adventina," salamu ya kila mpita njia. Kisha anachukua ndoo yake anaondoka, bila kugeuka.

Adventina alinieleza hayo siku alipokuja kujiandikisha kisomo. Hakuwa mtu wa machozi. Aliongea huku akikwangua tope kwenye jembe lake.

"Mwalimu, kibanja nilichokipalilia wamekichukua, nikanyamaza. Kitanda, sufuria, nikanyamaza. Lakini mwanangu kunisalimia kama jirani! Hilo linanichoma hapa. Ananisalimia vizuri, Mwalimu, kwa adabu, na ndiyo maana linachoma zaidi."

Nikamwambia pole. Nikamuuliza anataka kujifunza nini, kama ni barua, au hesabu za kahawa.

"Nataka kuandika kitu kimoja tu," akasema. "Ukishanifundisha hicho nitarudi shamba."

Hakuniambia ni kipi. Nami, kwa kumkumbuka Mzee Filemoni, sikuuliza.

Akakaa benchi la nyuma. Na nani alikuja kuketi pembeni yake wiki iliyofuata? Sabina. Mumewe alikuwa mwenyekiti wa kamati, ingekuwa aibu mkewe asisome. Darasa lote likangojea nywele zing'olewe. Mimi nikaiweka ile rula karibu. Wapi! Sabina alisalimia, akakaa, na kipindi kilipoendelea nikamwona Adventina anamrekebishia namna ya kushika kalamu. Wakaendelea hivyo hadi mwisho wa masomo, wakinong'ona na kufuta, kufuta na kunong'ona. Watu wakaniuliza baadaye kama ni mimi niliyewapanga. Mimi nilifundisha herufi tu, ndugu zangu. Herufi zikishatoka mkononi mwa mwalimu haziulizi ruhusa.

Ikaja sherehe ya kufuzu. Kila kijiji kilikuwa na namna yake, na yetu aliibuni Ta Kamugisha mwenyewe. Kila mhitimu atapita mbele, ataandika jina lake ubaoni mbele ya mgeni rasmi na kijiji kizima. Mwenyekiti wa kamati, yaani yeye, atalisoma kwa sauti. Mwenye jina ataitika, "Waitu!" kama tunavyoitika tunapoitwa na mkubwa, na watu watapiga makofi. Niliuliza kwa nini mhitimu asisome mwenyewe. Akasema, "Mwalimu, hawa sauti zao hazifiki." Hakuna aliyemlazimisha, alipenda mwenyewe. Huo ndio ukweli, na ndiyo sababu naucheka hadi leo.

Siku ikafika. Watoto wa shule walipangwa pembeni kuimba, Koku akiwa mstari wa mbele kwa ufupi wake. Wazee walikalia viti, akina mama nyasi. Mgeni rasmi alikuwa afisa wa wilaya, kijana wa raizoni, viatu vile vyenye soli nene ya kumpandisha mtu hewani, na suruali pana iliyofagia majani. Hakuwa mwenyeji wetu na habari zetu hakuzijua hata kidogo. Mungu ambariki kwa kutojua kwake.

Wakapita. Mama Kato akaandika jina alilopewa na baba yake, ambalo mumewe alikuwa hajawahi kulisikia, na Ta Laurian akamgeukia jirani kuuliza ni nani huyo. Ta Kamugisha akasoma yote kwa sauti ya radi. Wahitimu wakaitika, makofi yakapigwa, afisa akatikisa kichwa kwa furaha.

Akaja Sabina. Akaandika polepole, akarudi nyuma, akapangusa vidole. Ubaoni palikuwa na SABINA, basi.

Ta Kamugisha akaliangalia. Nilimwona akingojea aendelee, aandike kilichobaki. Sabina hakuendelea. Mzee akakohoa. "Sabina," akasoma, na sauti haikufika hata kwenye nyasi. "Waitu!" Sabina akaitika, akaonesha mwanya wake wote. Akina mama wakaanza kuchokozana kwa viwiko.

Kisha Adventina. Alikuwa amevaa kanga zilizofuliwa mpaka maua yakafifia, na kichwa kakifunga vizuri. Akachukua chaki, na mkono wake haukuiminya. Akaandika kwa herufi kubwa kama za bango la barabarani, ubao mzima ukajaa:

MAMA KOKU

Akaweka chaki chini, akasimama pembeni, mikono mbele, akangojea kuitwa.

Nawaambieni, hata ng'ombe wa padre waliacha kulia. Ta Kamugisha akatazama ubao. Akanitazama mimi. Nikatazama mawingu.

"Endelea, mzee," akasema afisa.

"Hii... haijaandikwa vizuri."

Afisa akainama kidogo kwenye raizoni zake. "Mbona mimi naiona vizuri kabisa? Mwandiko safi."

"Jua linanipiga machoni."

Afisa, kwa heshima zake zote, akainuka akaugeuza ubao mwenyewe, ukaja kivulini, ukakaa mbele ya pua ya mwenyekiti. Ta Kamugisha akajaribu kusema twende kwa anayefuata. Hapo ndipo nilipoona yule kijana uso wake unabadilika, unakuwa laini, wa huruma, uso wa mtu aliyegundua jambo la kusikitisha. Akamsogelea mzee, akamshika bega, akanong'ona. Lakini ilikuwa minong'ono ya mtu aliyezoea kuhutubia, tukaisikia sote mpaka migombani.

"Mzee wangu, usione haya. Wenyeviti wengi hawajui kusoma, tunakutana nao kila mahali. Darasa jipya linafunguliwa. Nitamwomba Mwalimu Editha akuweke benchi la mbele."

Ee Bwana wee! Kijiji kililipuka. Ta Laurian alianguka na kiti chake. Akina mama walijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Mimi nilijing'ata shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu.

"Mimi?" Ta Kamugisha akang'aka. "Mimi nisijue kusoma? Mimi nilisomeshwa na mapadre wenyewe!"

"Basi soma, mzee," akasema afisa, bado kwa upole ule ule wa hospitalini.

Kitumbua kilikuwa kimeshaingia mchanga. Asiposoma, ni mbumbumbu mbele ya wilaya, yeye aliyesoma matangazo ya kuku kwa robo saa. Akisoma, ni yeye mwenyewe amelitaja jina alilolipiga marufuku. Nikaona anapima. Na mnajua alichochagua, maana wanaume wa namna ile wanavumilia kila kitu isipokuwa kuchekwa. Akapaza ile sauti yake nene aliyoipenda:

"MAMA KOKU!"

"Waitu!" akaitika Adventina.

Hakupiga kelele. Aliitika kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni na watu wa nyumbani kwake, akapiga magoti, akainuka. "Hongera Mama Koku!" akasema afisa huku akipiga makofi. Na kijiji kizima, na sukari yao na woga wao, kikarudia, "Hongera Mama Koku!" Aliyepiga vigelegele kwa nguvu kuliko wote alikuwa Sabina. Aliniambia baadaye kwamba jina lile lilikuwa linambana, kila akiitwa anajiona mwizi.

Mngefikiri yameishia hapo, nami nilifikiri hivyo, nilikwisha mwita anayefuata. Lakini kwenye mstari wa watoto kulikuwa na mmoja aliyekuwa hacheki. Koku alitoka kwenye mstari, akavuka uwanja peke yake na sare yake iliyomzidi, akasimama mbele ya baba yake. Akapiga magoti kwa adabu.

"Baba," akauliza, "kwa hiyo hata mimi nimwite?"

Hakukuwa na kiburi katika swali lile. Alitaka kujua tu, maana alikuwa ameambiwa atachapwa, na sasa amemsikia aliyemwambia analitaja mwenyewe. Ta Kamugisha alimwangalia mwanawe. Sijui aliona nini. Nilimchukia mtu yule na bado simpendi, lakini nitasema nilichokiona: aliinama, akamweka sawa sare yake begani.

"Mwite," akasema.

Koku akageuka, akamwita. Sitawaelezea ilivyosikika. Nilikuwa na kifuta ubao mkononi, nikajifutia machozi nacho bila kujua, nikaiendesha sherehe mpaka mwisho na uso mweupe pe wa chaki, na afisa akadhani ni desturi ya Wahaya.

Haya. Kamati, mmesoma? Mlitaka niwaamulie jina la mume lipi aandikiwe mama wa bwana harusi, la kwanza au la pili. Waume wote wawili nawajua, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumshauri mtu ambebe kwenye kadi. Lakini mimi si wa kuulizwa, na nyinyi si wa kuamua, na binti wa kucha ndefu hata kidogo.

Wewe Deo, harusi ni yako. Jioni nzima ulikaa pembeni unakoroga chai iliyokwisha poa, watu wakamgawa mama yako huku na huku, na hukusema neno. Huna baba wa kukuchapa, mzee wako tulimzika. Niambie basi, mwanangu, wewe unamwitaje?